Maneno Mizuka, Maneno Marefu na Maneno "Yasiyotafsirika"

Mtumiaji wa kamusi huamini mambo mawili bila kuyatamka: kwamba kila neno lililoorodheshwa limewahi kutumiwa na watu, na kwamba maana iliyoandikwa mbele yake ndiyo waliyoikusudia watu hao. Mara nyingi imani hiyo haimwangushi. Hata hivyo, historia ya kamusi za Kiingereza na za lugha nyingine ina maneno ambayo hayakuwahi kutamkwa na mtu yeyote kabla ya kuchapishwa, maneno yaliyotungwa kwa makusudi ili kuwanasa wezi, maneno yaliyozaliwa kwa kusikia vibaya, na maneno yanayosifiwa duniani kote kwa maana ambayo wenye lugha hawaitambui.

Maneno hayo huchekesha, na ndiyo sababu husambaa upesi. Kwa mwanafunzi, mwalimu na mfasiri, hata hivyo, yana faida kubwa kuliko kicheko. Yanaonyesha mahali neno linapopata haki ya kuitwa neno, na yanaonyesha hasara inayotokea pale mtu anapoipokea maana bila kuuliza imetoka kwa nani.

Neno lililotoka kwenye kikaratasi

Mwaka 1934 ilichapishwa Marekani kamusi kubwa ya Webster's New International Dictionary, toleo la pili. Katika ukurasa wa 771 lilikuwamo neno *dord*. Kamusi ilieleza kuwa ni nomino ya fizikia na kemia, ikaonyesha jinsi ya kuitamka, kisha ikatoa maana yake: densiti, yaani kiasi cha tungamo kilichomo katika ujazo fulani.

Hapakuwa na mwanafizikia wala mwanakemia aliyewahi kulitumia. Tarehe 31 Julai 1931 mhariri wa kemia wa kamusi hiyo, Austin M. Patterson, alikuwa ameandaa kikaratasi cha kuwaarifu wenzake kwamba herufi D, iwe kubwa au ndogo, inaweza kutumika kama kifupisho cha densiti. Aliandika "D or d", na *or* kwa Kiingereza ni "au". Kikaratasi kilipaswa kwenda kwenye rundo la vifupisho, lakini kikaenda kwenye rundo la maneno. Kwa kuwa ilikuwa desturi ya ofisi hiyo kupiga chapa vidahizo kwa kuacha nafasi baina ya herufi, aliyefuata aliona herufi nne zilizoachana akazisoma kuwa neno moja. Mwingine akalipa matamshi. Likapita mikononi mwa wahariri na wasahihishaji, kila mmoja akiamini kwamba aliyemtangulia alikuwa amelihakiki.

Tarehe 28 Februari 1939 mhariri mmoja aligundua kwamba *dord* halikuwa na etimolojia. Maneno jirani yalikuwa na asili yake, ama ya Kilatini, ama ya Kifaransa, ama ya Kiingereza cha kale. Hili halikuwa na mzazi. Alipofuatilia akakifikia kikaratasi cha Patterson, na agizo la dharura likapelekwa kwa mpiga chapa ili neno liondolewe. Nafasi iliyobaki ilizibwa kwa kurefusha kidogo maelezo ya kidahizo cha jirani. Mwaka 1954 Philip Gove, mwanakamusi wa kampuni hiyohiyo, alisimulia kisa hiki chote katika jarida la kitaaluma, akatania kwamba huenda ilikuwa bahati mbaya kulifuta, kwani hakuna sababu ya msingi inayolizuia *dord* kumaanisha densiti.

Utani huo una ukweli ndani yake. Uhusiano kati ya sauti za neno na maana yake ni wa makubaliano tu, na sauti za *dord* zingeweza kubeba maana hiyo kama zinavyobeba nyingine yoyote. Kilichokosekana ni jamii ya wasemaji waliokubaliana. Kamusi huandika makubaliano yaliyokwisha kufanyika. Haiyafanyi kwa niaba ya watu.

Mizuka mingine, na mmoja uliopata mwili

Maneno ya namna hii yalikwisha kupewa jina kabla ya *dord*. Mwaka 1886 mwanafilolojia Mwingereza Walter William Skeat, akizungumza mbele ya chama cha wanafilolojia mjini London, aliyaita maneno mizuka: huonekana kwenye maandishi, lakini hayana uhai. Mmoja wa mifano yake ulikuwa *kimes*, neno lililochapishwa mwanzoni mwa karne ya 19 katika jarida moja la Edinburgh ndani ya makala iliyozungumzia desturi za Wahindu. Wasomaji walitaka kujua *kimes* ni zana za aina gani. Hazikuwa zana ngeni hata kidogo: zilikuwa visu, *knives*, na mpanga herufi ndiye aliyekosea kuusoma mwandiko.

Mizuka mingi hufukuzwa inapogunduliwa. Lakini mmoja umeishi, umeenea duniani, na umeingia hata katika shule za Afrika Mashariki. Neno *syllabus*, ambalo Kiswahili kimelipokea kama *silabasi*, halikuwa la Kilatini wala la Kigiriki. Cicero, katika barua zake kwa rafiki yake Atticus, alitumia neno la Kigiriki *sittybas*, lililomaanisha vibandiko vya ngozi vilivyoandikwa jina la kitabu. Katika karne ya 15, barua hizo zilipoanza kuchapishwa, neno hilo lilisomwa vibaya likawa *syllabos*. Wasomi wa baadaye wakaliona ndani ya kitabu cha heshima, wakaliamini, wakalitumia kwa maana ya orodha au muhtasari wa mada. Baadhi ya wasemaji wa Kiingereza wakalipa na wingi wa Kilatini, *syllabi*, jambo linalofanana na kumtafutia ukoo mtu ambaye hakuzaliwa.

Tofauti kati ya *dord* na *silabasi* haimo katika asili, maana yote mawili yalianza kama makosa ya kusoma. *Silabasi* lilipata watu waliolihitaji. Leo hakuna mwalimu anayekosea akilitumia, ingawa atakosea akiwaambia wanafunzi wake kwamba ni neno la Kigiriki lililorithiwa kwa njia halali.

Maneno yaliyotegwa

Ipo mizuka iliyoumbwa kwa makusudi. Mtunga kamusi hufanya kazi ya miaka mingi, na mwizi anaweza kuinakili kwa muda mfupi. Tatizo lake ni kwamba orodha mbili sahihi za maneno ya lugha moja hufanana hata pasipo wizi. Njia mojawapo ya kuthibitisha wizi ni kuingiza uongo mdogo: ukionekana kwenye kitabu cha mwingine, aliyekinakili hana pa kujificha.

Mwaka 2001 kamusi ya New Oxford American Dictionary ilichapisha neno *esquivalience*, likiwa na maana ya kukwepa kwa makusudi majukumu rasmi ya mtu. Lilitungwa na mhariri Christine Lindberg, na siri hiyo ilifichuliwa mwaka 2005. Ucheshi wake ni wa ndani: neno la kukwepa kazi liliwekwa kuwanasa wanaokwepa kazi ya kuandika kamusi yao wenyewe.

Ensaiklopidia nazo zimefanya hivyo. New Columbia Encyclopedia ya mwaka 1975 ilieleza maisha ya Lillian Virginia Mountweazel, mpiga picha wa masanduku ya barua ya vijijini, ambaye ilidaiwa alizaliwa katika mji wa Ohio unaoitwa Bangs, jina linalosikika kama milipuko, akafa katika mlipuko akiwa kazini kwa ajili ya jarida la vitu vinavyowaka. Mama huyo hakuwahi kuwako, lakini jina lake limekuwa nomino ya kawaida ya Kiingereza kwa mtego wa aina hii.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi. Kamusi yao mashuhuri ya tiba, Pschyrembel, mwaka 1983 iliingiza *Steinlaus*, chawa wa mawe, mdudu aliyebuniwa na mchekeshaji Loriot, aliyesemwa kwamba hula mawe na zege. Mwaka 1994 wahariri walimwondoa. Wasomaji, wengi wao matabibu, walilalamika, na mwaka 1997 chawa akarudishwa. Hapa mtego uligeuka kuwa mila. Kila msomaji alijua kuwa ni mzaha, na kwa sababu hiyo haukumdhuru mtu.

*Esquivalience* si hivyo. Msomaji wa kawaida hakuwa na namna ya kulijua. Mfasiri aliyekutana nalo kabla ya mwaka 2005 angeweza kulitumia kwa nia njema kabisa, na mwanafunzi angeweza kulikariri kwa ajili ya mtihani. Mwandishi wa kamusi anapoulinda mradi wake kwa neno la uongo, gharama hulipwa na yule aliyemwamini. Watunga kamusi za Kiswahili, ambao kazi zao nazo hunakiliwa mtandaoni, wana sababu ya kuipima gharama hiyo kabla ya kuiga mbinu hii, hasa kwa kuwa msomaji wa Kiswahili mara nyingi hana kamusi ya pili ya kulinganishia.

Masikio yanapokata neno upya

Kundi la tatu halina mwandishi wala mpiga chapa wa kulaumiwa. Ni makosa ya wasemaji wote kwa pamoja, na makosa ya watu wote yakidumu hugeuka kuwa sarufi.

Kiingereza hutanguliza *a* au *an* mbele ya nomino, kutegemea sauti inayofuata. Katika usemi wa haraka mpaka kati ya kiambata hicho na nomino haujulikani ulipo. Vazi la kuzuia uchafu jikoni liliitwa *napron*, kutoka Kifaransa. Watu waliposikia *a napron* wakadhani ni *an apron*, na *n* ikahama moja kwa moja. Ndugu yake *napkin*, kitambaa cha mezani, ameibakiza herufi hiyo kama ushahidi. Kwa upande mwingine, *eke name* lilikuwa jina la nyongeza. *An eke name* likasikika kama *a neke name*, na leo jina la utani huitwa *nickname*. Vivyo hivyo mbaazi na njegere: *pease* lilikuwa neno la umoja lisilohesabika, lakini kwa kuwa liliishia na sauti inayofanana na alama ya wingi, wasemaji wakaikata sauti hiyo wakapata *pea*, punje moja.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kuwacheka sana Waingereza, kwa kuwa lugha yake imefanya jambo hilohilo kwa ustadi mkubwa zaidi. *Kitabu* limetoka Kiarabu, *kitāb*, ambamo silabi *ki* ni sehemu ya mzizi: konsonanti zilezile za k, t na b ndizo zinazoonekana katika *katibu*, *maktaba* na *mkataba*. Kiswahili kilipoisikia *ki-* kiliitambua kama kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa *vitabu*, ilhali Waarabu husema *kutub*. *Kilabu* la Kiingereza likafuata njia hiyo na kuzaa *vilabu*. Kibao cha barabarani kilichowaamuru madereva wa Kiingereza kukaa kushoto, *keep left*, kimewapa Watanzania *kipilefti* na *vipilefti*, yaani mzunguko wa barabara.

Ngeli nyingine hazikubaki nyuma. Bati la kuzuia matope kwenye gurudumu, *mudguard*, lilisikika kama *madigadi*. Kwa kuwa *ma-* ni alama ya wingi, bati moja likawa *digadi*. *Waya*, ambalo ni *wire* la Kiingereza, lina wingi wake *nyaya*, kana kwamba ni ndugu wa *wavu* na *nyavu*. Meli ya kivita ikaitwa *manowari*, kutokana na *man-of-war*, jina ambalo kwa Kiingereza lenyewe linashangaza, kwani meli iliitwa mtu wa vita. Na *gereza* limetokana na *igreja*, neno la Kireno la kanisa. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake, na tangu mwaka 1895 hadi 1958 ilitumika kama jela. Wasemaji waliotazama majengo ya Wareno kutoka nje waliona kuta nene kabla ya kuona altare.

Mwalimu anayefundisha ngeli anaweza kuitumia mifano hii kwa manufaa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba *vitabu* ni wingi wa *kitabu* hujifunza kanuni. Anayeonyeshwa jinsi neno la kigeni lilivyotekwa na kanuni hiyo huona kwamba kanuni ina nguvu, na kwamba inaendelea kufanya kazi hadi leo kila neno jipya linapoingia.

Urefu usio wa ajabu

Orodha za maneno ya kuchekesha hazikosi maneno marefu. Linalotajwa sana ni la Kijerumani: *Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz*, lenye herufi 63. Lilikuwa jina la sheria ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern ya mwaka 1999, iliyofutwa mwaka 2013, na maana yake ni sheria ya kukabidhi majukumu ya kusimamia uwekaji wa lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Hata hivyo Kijerumani hakina wazo lolote hapa ambalo lugha nyingine hazina. Kijerumani huandika bila kuacha nafasi pale ambapo Kiswahili hutumia viunganishi vya *-a*. Ukiondoa nafasi zote katika tafsiri iliyotolewa hapo juu, Kiswahili nacho kitakuwa na neno la kutisha.

Aina ya pili ya urefu hutokana na viambishi. Neno *mamihlapinatapai* la Kiyaghan, lugha ya ncha ya kusini kabisa ya Amerika Kusini, liliwahi kutajwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa neno linalobana maana kubwa kuliko yote. Hufasiriwa kuwa ni hali ya watu wawili kutazamana, kila mmoja akitumaini kwamba mwenziwe ataanza kufanya jambo ambalo wote wawili wanalitaka lakini hakuna aliye tayari kulianza. Wataalamu waliolichambua wanaonyesha kwamba kiini chake ni kitenzi chenye maana ya kutojua la kufanya, kilichoongezewa viambishi vya hali, vya kutimia, vya kujirejea na vya uwili. Kwa hiyo maana iliyo karibu zaidi na umbo lake ni kwamba wawili wanafikia hali ya kutojua la kufanya baina yao. Mitazamo na matumaini yaliongezwa na wafasiri.

Kwa msemaji wa Kiingereza, neno la namna hiyo ni muujiza. Kwa msemaji wa Kiswahili ni jambo la kila siku. *Hatukuelewana* ni neno moja, nalo lina ukanushi, nafsi, wakati, mzizi na kauli ya kutendana. Kiingereza hulihitajia maneno sita. *Watakaotuandikia* nalo ni neno moja: wao, wakati ujao, urejeshi, sisi, kuandika, na kwa ajili yetu. Mtu anayetaka kushangaza wageni kwa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali.

Kiyaghan kinastahili kukumbukwa kwa jambo jingine. Msemaji wake wa mwisho wa kuzaliwa nacho, Cristina Calderón, alifariki Februari 2022 akiwa na umri wa miaka 93. Lugha iliyokuwa na majina ya samaki, ya pepo, ya jamaa na ya mitumbwi inajulikana duniani kwa neno moja, nalo limefasiriwa kwa kutiwa chumvi.

Kisa cha *ilunga*

Mwaka 2004 vyombo vya habari vya Uingereza vilitangaza orodha ya maneno yaliyodaiwa kuwa magumu kuliko yote kutafsiri. Orodha hiyo ilikuwa imeandaliwa na kampuni ya tafsiri ya London kwa kuwauliza wanaisimu wapatao 1,000. Nafasi ya kwanza ilipewa *ilunga*, neno lililosemwa kuwa la Kichiluba, lugha ya Kongo, kwa maana ya mtu aliye tayari kusamehe udhalimu wowote mara ya kwanza, kuuvumilia mara ya pili, lakini kamwe si mara ya tatu. Maana hiyo ilirudiwa katika magazeti na vitabu vingi, na bado inarudiwa.

Kichiluba si lugha ya mbali kwa Waswahili. Ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Kiswahili, Kilingala na Kikongo. Na mtu yeyote aliyewahi kuishi Lubumbashi, Kolwezi au Mbuji-Mayi anamfahamu Ilunga mmoja au zaidi, kwa kuwa ni jina la watu. Ni jina kongwe tena lenye heshima: Kalala Ilunga ni shujaa wa masimulizi ya asili ya ufalme wa Waluba. Habari ilipoenea, Wakongo waliosikia walisema walilijua kama jina la mtu, wala si kama nomino yenye maana hiyo ya kusamehe mara moja na kuvumilia mara ya pili.

Neno jingine katika orodha hiyohiyo lilipata upinzani wa namna hiyo. *Radioukacz* lilitajwa kuwa neno la Kipolandi kwa mtu aliyefanya kazi ya simu za upepo katika harakati za upinzani, na Wapolandi wakasema hawalifahamu.

Jambo la kutafakari ni hili: ilikuwa rahisi kuhakiki. Kichiluba kina mamilioni ya wasemaji, na baadhi yao wanaishi London yenyewe. Kampuni iliwauliza wanaisimu elfu moja, lakini kilichohitajika kilikuwa Waluba wachache. Pale *dord* lilipokosa etimolojia, mhariri alisimama akauliza. Pale *ilunga* lilipokosa msemaji, hakuna aliyesimama, kwa sababu msomaji wa kawaida wa Ulaya alikuwa tayari kuamini lolote kuhusu lugha ya Kongo mradi linapendeza. Lugha za Ulaya zinapokosewa, wenyewe husikika siku ya pili. Lugha za Afrika zinapokosewa, kosa hudumu, na baada ya miaka michache mtoto wa Kiluba anayetafuta maana ya jina lake mtandaoni hukutana na maana iliyotungwa na wengine.

Hata kama maana hiyo ingekuwa ya kweli, dai la kwamba neno halitafsiriki lingejipinga lenyewe, kwani limetolewa pamoja na tafsiri yake. Kinachomaanishwa na watu wanaposema "halitafsiriki" ni kwamba lugha ya pili haina neno moja linalolingana nalo. Wazo lenyewe huweza kuelezwa kwa kirai, kwa sentensi au kwa methali. Waswahili wanaosema kwamba kosa moja haliachi mke wamekwisha kueleza nusu ya kwanza ya maana iliyobandikwa *ilunga*. Kijerumani kina *Schadenfreude*, lililoundwa kwa "hasara" na "furaha"; Kiswahili husema kufurahia balaa la mwenzako, na hakuna anayebaki gizani.

Ugumu wa kweli

Ugumu halisi wa tafsiri umo kwenye maneno mafupi ya kila siku, ambayo hayaingii kwenye orodha yoyote ya maajabu. *Pole* ni mfano mzuri. Kamusi za Kiswahili na Kiingereza hulilinganisha na *sorry*, na matokeo yake ni mkanganyiko unaojulikana na kila aliyekaa na wageni. Mgeni anajikwaa, mwenyeji anamwambia "pole", mgeni anajibu kwamba mwenyeji hana kosa. Hii ni kwa sababu *sorry* hubeba pia maana ya kukiri hatia, na *pole* haibebi. *Pole* hutolewa kwa mfiwa, kwa mgonjwa, kwa msafiri aliyewasili na kwa mtu anayefanya kazi. Nayo hujibiwa kwa *asante* au *nishapoa*. Mfasiri wa riwaya atalitafsiri *pole* kwa namna tano tofauti katika kitabu kimoja, na pengine mara ya sita ataliacha kabisa na kuonyesha ishara ya mwili.

Maneno ya Kiswahili yaliyohamia lugha nyingine nayo yana mafunzo. *Safari*, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, liliingia katika Kiingereza katikati ya karne ya 19 kupitia maandishi ya wasafiri kama Richard Burton. Huko limebana maana: ni ziara ya kutazama wanyama, au zamani kuwawinda. Mfasiri anayeiona sentensi kwamba mama amekwenda safari, akaiandika kwa Kiingereza kwa neno hilohilo, humpeleka mama huyo mbugani wakati alikuwa amekwenda kumwona daktari mjini. *Jenga* limepata hatima ya kuchekesha zaidi. Mwaka 1983 Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika, aliutoa London mchezo wa vipande vya mbao akaupa jina hilo. Kitenzi cha kuamuru kikawa nomino ya pekee, jina la mnara ambao mwisho wake hauepukiki: kuporomoka.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na visa hivi, anayekutana na neno la ajabu, hasa linalosambazwa kwa sababu ya ajabu yake, anaweza kujiuliza maswali yafuatayo kabla ya kulitumia, kulifundisha au kulitafsiri:

1. Je, lipo katika sentensi iliyoandikwa au kusemwa na mtu aliyekuwa akizungumzia jambo jingine? Neno linalopatikana kwenye orodha za maajabu peke yake, bila kuonekana kazini, ni la kushukiwa.
2. Je, lina asili inayoeleweka? Kukosa etimolojia si ushahidi kamili, lakini ndiko kulikolifichua *dord*.
3. Je, vyanzo vyake vinajitegemea? Tovuti kumi zilizonakiliana ni chanzo kimoja.
4. Je, maana iliyotolewa inatokana na umbo la neno, au imeongezwa na mfasiri aliyetaka kupendeza?
5. Je, ameulizwa mwenye lugha? Katika lugha za Afrika Mashariki na Kongo, mara nyingi mwenye lugha yuko darasani, ofisini au upande wa pili wa simu.

Swali la tano ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi. Mwalimu mwenye mwanafunzi aitwaye Ilunga darasani ana kamusi mbele yake. Kinachotakiwa ni kumwuliza jina lake lina maana gani kwao.